Nesi mwenye watoto akichelewa ripoti ya asubuhi ya kupokezana kazi: tuulize nyumbani au tuulize rota ya zamu?

#1 InchajiKondele
Hamjambo wazito. Niko Kisumu, nasimamia wodi ya wanawake. Hospitali sitaitaja, na msinitafute.

Tuna kitabu cha kuingia kazini. Ikifika saa moja na nusu asubuhi nachora mstari mwekundu, na anayekuja baada ya hapo anaandika jina chini ya mstari. Juzi mkubwa wangu alifungua kurasa za mwezi mzima, akapitisha kidole chini ya mistari moja baada ya nyingine, akasema: "Unaona? Wote ni akina mama. Hawa wanakuja kazini na nyumba kichwani." Nilinyamaza. Mimi mwenyewe ni mama wa watatu, ningejibu angeona najitetea.

Usiku nikabeba kitabu nikakaa nacho. Ni kweli majina mengi chini ya mstari ni ya akina mama. Lakini wodi yangu karibu yote ni akina mama, hata walio juu ya mstari ni wao. Kilichonishika ni siku. Jumatatu. Halafu ile wiki shule zilifunguliwa. Halafu kuna sista mmoja ambaye tangu nimjue hachelewi, yeye yuko chini ya mstari siku nne mfululizo, siku ya tano amerudi juu kama hakuna kilichotokea. Nikamwuliza. Akasema, "Dada wa kazi alienda matanga kwao, hakurudi."

Sasa nauliza. Mzigo wa nyumbani unaharibu kazi ya nesi kweli, au tunasingizia nyumba mambo ya wodi? Na siongelei kuchelewa tu. Dawa ya saa nne kupeanwa saa sita, mgonjwa kujibiwa kwa ukali, maandishi ya faili kufupishwa mpaka hayasomeki. Nataka kusikia walio ndani ya hii kazi, si wa kubahatisha.

#2 BabaTriza
Hiyo "si wa kubahatisha" ni mimi umefungia mlango. Naingia kwa dirisha. Mke wangu ni nesi, miaka kumi na moja sasa. Kwangu hakuna mzigo wowote, namsaidia sana.

#3 KanulaYaKijani
@BabaTriza hebu mwite mke wako atuthibitishie hapo kwa "namsaidia".

@InchajiKondele mimi niko Kakamega, nitasema ukweli ingawa unanivua nguo. Kuna siku nilikuwa natengeneza dripu. Mililita 500 ziende kwa muda wa saa nne, seti ya matone 20 kwa mililita, ukipiga hesabu ni matone 42 kwa dakika. Unasimama hapo na saa ya kifuani unahesabu. Nilikuwa nimefika ishirini na kitu, simu ikatetemeka mfukoni. Ni msichana wangu wa nyumbani: "Mama, mtoto amemeza shilingi kumi." Nikamwambia amwangalie kama anapumua vizuri, nikarudi kwa chupa, nikaendelea kuhesabu kutoka pale nilipodhani nimeachia. Nikafunga kidogo, nikafungua kidogo, nikaenda kitanda kingine.

Mgonjwa alikuwa mzee wa moyo. Haikupita hata saa moja mwenzangu akaniita, chupa imebaki na vidole viwili na mzee anakohoa. Tukafunga, tukamwinua mgongo, daktari akaandika dawa ya kutoa maji mwilini. Alikaa sawa kufikia jioni. Shilingi kumi nayo ilitoka kesho yake kwa njia yake ya kawaida.

Kwa hivyo mimi sibishi. Nyumba inaingia wodini, tena inaingia kwa simu. Lakini siku hiyo tulikuwa wawili kwa vitanda zaidi ya thelathini. Tungekuwa wanne, ningetoka nje dakika tano nikaongea vizuri, nikarudi nikaanza hesabu upya kutoka tone la kwanza. Ni nini kiliharibu, shilingi kumi ama ule uwili wetu? Miaka imepita na sijajua nijibu vipi.

#4 DerevaTuktuk_Kibuye
Shilingi kumi ile mpya au ile ya zamani?

#5 KanulaYaKijani
Mpya. Ungekuwa wewe ungedai chenji.

#6 BilaMtotoBado
Niruhusiwe kuudhi watu kidogo. Niko Nakuru, nina miaka 29, sijaolewa na sina mtoto. Krismasi tatu mfululizo nimeshika naiti, zamu ya usiku. Ukiuliza unaambiwa "wewe huna watoto, wenzako wana familia." Shule zikifungwa, wenye watoto wanaomba ofu. Zikifunguliwa, wanaomba ofu. Mtoto akitoka upele, nani anafunika? Ni sisi.

Na mimi nina mama mgonjwa wa figo pale Njoro. Namleta kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, napanda naye matatu akiwa amechoka hawezi kukanyaga ngazi. Huo si mzigo wa nyumbani? Ama mpaka uwe na kitambi cha uzazi ndipo uhesabiwe una nyumba?

Sichukii akina mama. Nachoka tu kuwa kiraka cha kila mtu.

#7 InchajiKondele
@BilaMtotoBado pole kwa mama. Umenigonga mahali. Hayo maneno "wewe huna watoto" nimeyatamka mimi kwa mdomo wangu, Desemba iliyopita, nikipanga rota.

#8 SistaMstaafu
Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi. Mimi nilifanya kazi Nakuru pale tulipoita Piiji-eichi, hospitali kuu ya mkoa, nyinyi mkaijua kama Level 5. Nilizaa 1981 na 1984 nikiwa kazini. Likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua, ile ya mwaka umesamehe. Kwa hivyo msidhani sisi tulibembelezwa.

Lakini kuchelewa? Hatukuchelewa, na si kwa sababu tulikuwa watu wema kuliko nyinyi. Tulikaa nyumba za wauguzi, hapo hapo ndani ya ua wa hospitali. Kutoka mlangoni kwangu mpaka wodini nilikuwa natembea na kikombe cha chai, nafika bado ni moto. Saa ya chai nakimbia nyumbani, nanyonyesha, narudi. Kuna mama mmoja wa wodi ya pili alikuwa anaanika nepi, tukiziona kutoka dirishani tunajua yuko ofu.

Sasa nyinyi sista analala Lanet au Kiamunyi, anafanya kazi mjini, mtoto anasoma upande mwingine. Kila asubuhi anafungua njia tatu. Mnasema mzigo umeongezeka. Mimi naona mzigo ni ule ule, umbali ndio uliongezeka.

#9 MtuWaLurambi
Mama shikamoo. Kumbe likizo ya uzazi ni miezi miwili na ya mwaka inapotea? Mke wangu alidanganywa basi, alipewa zote.

#10 WakiliWaMtaani
@MtuWaLurambi soma tena taratibu. Mama anaongea habari za 1981, sheria ya zamani. Sheria ya Ajira ya 2007 ilibadilisha: miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haiguswi. Baba naye ana wiki mbili zenye mshahara. @BabaTriza zako ulizitumia?

Halafu kuna Sheria ya Afya ya 2017 ambayo wauguzi wenyewe wengi hawaijui, na wao ndio wanafundisha wengine kunyonyesha. Inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa: pa kunawa mikono, friji au kitu cha kupoza, soketi ya umeme, meza ndogo, viti vya kukalika. Na pasiwe chooni, imeandikwa hivyo. Mama anayenyonyesha anapewa pia muda wake, mbali na ule wa chakula, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi.

#11 BabaTriza
Zangu nilitumia. Nilienda kulima kwetu Luanda.

#12 KanulaYaKijani
🤣🤣 Wiki mbili za uzazi ukazipeleka kwa mahindi.

#13 MamaPachaBungoma
@WakiliWaMtaani asante kwa sheria. Sasa nikupe stoo.

Kwetu "mahali pa kukamulia" ni stoo ya shuka. Unaingia, unasukuma mlango kwa mgongo kwa sababu kitasa kilikufa, unakalia tenga la blanketi, unafungua vifungo vya yunifomu. Taa huwashi kwa sababu ukiwasha kuna mtu ataona mwanga chini ya mlango, afikirie kuna shuka za kugawa. Kamua kwa mkono, chupa iko katikati ya magoti. Dakika kumi. Nje unasikia "Sista! Sista wa hapa ameenda wapi?"

Friji iko, ya chanjo. Humo chakula hakiingii na maziwa hayaingii, na mimi mwenyewe ndiye ninayesimamia hiyo amri. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne hivi kwa joto la kawaida la chumba, na jua la Bungoma silo la kutegemea. Kwa hivyo nilikuwa nakamua na kumwaga kwa sinki. Pacha wako nyumbani wanakunywa maziwa ya kopo.

Nilirudi kazini wakiwa na miezi mitatu. Asubuhi kliniki nafundisha akina mama: maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji usimpe. Mama mmoja akaniuliza, "Na wewe sista, wako wana miezi mingapi?" Nikamwambia tuendelee na somo.

Na hii hakuna anayekuambia chuoni: ukiwa wodi ya waliojifungua, mtoto wa mtu akilia, maziwa yako yanashuka. Hayaulizi ni mtoto wa nani. Unabeba trei ya dawa na kifua kimelowa, mgonjwa anakuangalia, unajifunika na faili. Mtu akikupata dakika hiyo anakuuliza mbona dawa zimechelewa, utamjibu vipi kwa upole?

#14 SistaMstaafu
Mwanangu, hilo la sinki limenitoa machozi. Sisi tulikuwa tunakimbia nyumbani.

#15 DerevaTuktuk_Kibuye
Mimi si nesi, ila nawabeba. Asubuhi saa kumi na mbili kasoro niko stendi. Kuna sista wangu wa kila siku, anatoka Manyatta. Namchukua na watoto wawili. Tunaanza kumshusha mdogo kwa mama wa kulea, mlango bado haujafunguliwa, tunapiga honi. Halafu mkubwa shuleni. Halafu yeye. Anapaka mafuta usoni ndani ya tuktuk, anakunywa chai kwa kifuniko cha chupa. Mvua ikinyesha anafika amechelewa, na mimi ndiye nimechelewesha, lakini hicho kitabu chenu hakina mahali pa kuandika jina langu.

Siku moja akaniambia, "Ndugu, hapa kwako ndipo peke yake ninakaa chini mpaka jioni."

#16 InchajiKondele
@DerevaTuktuk_Kibuye kama ni yule nafikiri ni yule, tafadhali usipige kona za Kondele kama umeiba.

#17 MuuguziWaKiume
Mtazamo wa dume moja. Niko Vihiga, mke wangu alifariki, nalea watoto wawili, ndugu yangu wa kike ananisaidia. Niseme nilichoona.

Nikichelewa, inchaji ananiuliza, "Barabara ilikuwaje?" Mwenzangu wa kike akichelewa dakika zile zile, anaulizwa, "Watoto leo wamekuwaje?" Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa na mtoto mwenye homa, yeye alipasuka gurudumu Chavakali. Nikaacha waamini barabara, maana ukisema watoto ukiwa mwanamume unaonewa huruma mpaka unaona haya.

Sasa @InchajiKondele, kitabu chako kinaonyesha nani alichelewa. Kwa nini alichelewa, hiyo mnajaza wenyewe.

#18 Chwele_Original
Ninyi mnazunguka mbuyu. Mzigo wa nyumbani si kupika wala nepi. Ni karo. Nina jirani nesi, usiku yuko hospitali ya kaunti, asubuhi anabadilisha nguo anaingia lokamu, kibarua cha muda, kwa kliniki ya mtu mpaka saa nane mchana. Analala kwa saa tatu tu, kisha anaamka kupika. Ana wawili sekondari ya bweni na mmoja chuo. Mkimwona anasinzia kwa ripoti mnasema "ana watoto wadogo". Hana mtoto mdogo hata mmoja! Ana deni la sacco.

#19 KanulaYaKijani
@Chwele_Original hapo umesema, lakini si wote. Lokamu wanafanya hata wasio na watoto, wananunua ploti. Na wanaume ndio wengi zaidi kwa hizo lokamu, sisi tuna saa ngapi za kwenda huko?

#20 Chwele_Original
Ploti pia ni nyumbani 😂

#21 BilaMtotoBado
Halafu hiyo naiti yenyewe inaleta saratani, imethibitishwa na WHO. Bado tunagombania nani aishike.

#22 WakiliWaMtaani
@BilaMtotoBado punguza moto. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema 2007, likarudia 2019, kwamba kazi ya zamu za usiku *huenda* inasababisha saratani kwa binadamu. Huenda. Neno moja, lakini ndilo la kubeba hapo.

#23 BilaMtotoBado
Sawa wakili. Huenda nikashika Krismasi ya nne pia.

#24 Nyar_Ahero
Nimechelewa kuingia, nilikuwa naiti kweli.

Shida ni baada ya naiti. Unatoka saa moja na nusu, ripoti inavuta mpaka saa mbili na kitu. Unafika nyumbani saa tatu na nusu. Mchana ni wa kulala, lakini nani amemwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba mchana ni wa kulala? Anakufungua kope kwa vidole kuangalia kama uko ndani. Mwenye kuleta maziwa anabisha. Mama mkwe anasema, "Bado tu amelala?" kwa sauti ya kusikika. Halafu yule mkubwa anarudi na kazi ya mtaala mpya: leteni sanamu ya kutisha ndege, itengenezwe na mzazi na mtoto. Saa kumi jioni niko uani natafuta vijiti na fulana kuukuu, saa kumi na mbili na nusu niwe wodini.

Ile sanamu ilikuwa nzuri kweli. Nadhani ilinishinda kwa afya.

Usiku wa tatu wa hivyo, saa tisa, saa kumi, kuna kitu kinatokea: unasoma faili, macho yanapita juu ya maneno, unafika mwisho hujui umesoma nini. Hapo ndipo makosa yanakaa. Si saa moja na nusu asubuhi. Hicho kitabu chenu cha mstari mwekundu kinavua samaki mahali hapana maji. Aliyewahi anaweza kuwa hatari kuliko aliyechelewa dakika ishirini lakini amelala.

#25 MamaPachaBungoma
Hiyo ya kope 😭 Wangu wanafungua mmoja kila jicho.

#26 MtuWaLurambi
Lakini tukubali pia, nesi aliyezaa ana mkono mwingine. Mtoto wangu alilazwa na nimonia, alikuwa anapigana na kila mtu kwa sindano. Akaja mama mmoja mtu mzima, akamweka begani, akamwimbia kitu cha Kiluhya, kanula (ile sindano ya dripu) ikaingia mtoto hajui. Yule kijana wa kwanza alikuwa amejaribu mara tatu. Nyumbani pia kunafundisha.

#27 MuuguziWaKiume
Aliyejaribu mara tatu alikuwa mgeni kazini, si kwamba hakuzaa. Mimi naimba pia.

#28 BilaMtotoBado
Asante @MuuguziWaKiume. Nafanya wodi ya watoto na kanula zangu zinaingia mara ya kwanza. Uzazi si diploma.

#29 MtuWaLurambi
Basi nimekoma. Nilikuwa nasifu tu.

#30 Busia_Nakuru_Busia
Jina langu linaeleza kesi yangu. Niliajiriwa Busia, nikaolewa Nakuru. Zamani, kabla afya kwenda kaunti 2013, mwajiri alikuwa mmoja, wizara, ukiomba uhamisho kufuata mume unaweza kupata. Sasa kila kaunti ni mwajiri wake. Mpaka kaunti ya pili ikubali kukuchukua na ya kwanza ikubali kukuachia, na mshahara wako uhamie huko. Wengine wanatafuta mtu wa kubadilishana naye. Mimi nimetafuta, sijapata anayetaka kutoka Nakuru kwenda Busia.

Kwa hivyo watoto wako Nakuru na baba yao na nyanya yao, mimi niko Busia kwa chumba kimoja. Kwa macho ya inchaji wangu mimi ndiye nesi bora: sichelewi, siombi ofu za shule, nafunika kila mtu. Nakusanya ofu zangu zote mwisho wa mwezi nasafiri. Mara ya mwisho mdogo aliniita "auntie".

Mkitaka nesi asiye na mzigo wa nyumbani, ndiye huyu.

#31 SistaMstaafu
Hapo sina la kuandika, mwanangu.

#32 BabaTriza
Nimesoma mpaka hapa nikampa mke wangu simu asome. Amesoma kimya. Amefika pale nilipoandika "namsaidia sana" akacheka mpaka akaketi chini. Ameniambia niwaandikie orodha yangu ya kusaidia, nayo ni: nafungua geti.

#33 KanulaYaKijani
Tulijua.

#34 BabaTriza
Lakini mnikumbuke kwa moja. 2017, mgomo wa manesi ulianza Juni ukaenda mpaka Novemba, mshahara umesimama, mimi ndiye niliyeshika nyumba.

#35 Nyar_Ahero
Kwa pesa sawa. Kwa mikono alishika nani?

#36 BabaTriza
...alikuwa nyumbani, ni yeye. Lakini niseme kitu: ile miezi mitano mtoto wetu aliyekuwa darasa la pili alipanda kutoka nafasi ya ishirini na kitu mpaka ya sita. Mgomo ulipoisha alilia siku ambayo mama yake alivaa yunifomu. Sijui hiyo iko upande gani wa mjadala.

#37 Chwele_Original
Iko upande wa kwamba wewe hukumfundisha hesabu.

#38 InchajiKondele
Nimerudi baada ya wiki tano. Nimewasoma wote, wengine mara mbili.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza rota. Nilikuwa naibandika Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu, kwa sababu na mimi nasubiri ofisi ya wakubwa iipitishe. Sasa natoa ya wiki nne kwa mpigo, na mtu anaweza kubadilishana na mwenzake bila kunipigia magoti, mradi jina liandikwe. Pili, simu ya wodi. Kila aliye zamu amempa mtu wake wa nyumbani namba ya mezani. Ikilia, anayeipokea ndiye anaamua kama ni ya shilingi kumi iliyomezwa au ni ya gesi imeisha. Za mfukoni zinakaa droo wakati wa kugawa dawa na kuhesabu dripu. @KanulaYaKijani hiyo ni yako.

Na zamu za Krismasi tutapiga kura ya bahati, kila mtu anaokota karatasi moja, mwenye watoto na asiye nao.

Matokeo? Sista wa siku nne hajarudi chini ya mstari, lakini pia amepata dada mpya wa kazi, kwa hivyo sijui nisifu rota au nimsifu huyo msichana. Mwingine, wa Nyalenda, anachelewa vile vile, nimeshindwa. Kijana mmoja asiye na mke wala mtoto ameanza kuchelewa sasa, nasikia amefungua kinyozi. Simu ya wodi wameipenda sana mpaka juzi mtu alipiga kuuliza omena (dagaa) inaloweshwa kwa muda gani.

Nikampelekea mkubwa wangu kitabu tena. Akasema, "Bado wako." Nikamwambia ndiyo, bado wako.

#39 Nyar_Ahero
Omena hailoweshwi muda mrefu, inaoshwa kwa maji moto. Mwambie.

#40 BilaMtotoBado
Hiyo kura ya Krismasi naiiba naipeleka Nakuru. @InchajiKondele na wewe mwenyewe huchelewi?

#41 InchajiKondele
Nilijua mtu ataniuliza. Wiki iliyopita mama mkwe aliletwa kutoka kijijini, presha imepanda, yuko kwangu. Alhamisi nilifika saa mbili kasoro dakika tano. Naibu wangu alikuwa ameshachora.

#42 KanulaYaKijani
Uliandika jina?

#43 InchajiKondele
Niliandika. Chini.

#44 DerevaTuktuk_Kibuye
Ungenipigia.